Cheti cha 2014 Kina Kosa Gani?

Aliyefanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2014 akapata alama 62 katika Kiswahili aliandikiwa B+. Mdogo wake akafanya mwaka 2015, naye akapata 62. Akaandikiwa C. Hakuna aliyemzidi mwenzake kwa akili wala kwa bidii. Alama ni zile zile, baraza la mitihani ni lile lile, na kwa shule zetu za kata pengine hata dawati lilikuwa lile lile. Kilichobadilika ni rula.

Aliyepata 42 mwaka 2014 alipewa C. Mwaka uliofuata 42 ni D. Aliyepata 55 alikuwa na B. Mwaka uliofuata ana C. Ukitaka kujua ugomvi wangu na waliopanga mambo haya, umekwisha kuujua. Yaliyobaki ni maelezo.

Nina steshenari hapa Keza, wilayani Ngara: kompyuta moja, printa, mashine ya kurudufu na betri ya sola ya kutuokoa umeme ukikatika. Kazi yangu kubwa ni vyeti. Naviskani, natoa kopi, najaza fomu za maombi. Watu wa huku hawakusanyi stempu wala sarafu za kale. Wanakusanya vyeti: cha kuzaliwa, cha ubatizo, cha darasa la saba, cha kidato cha nne, cha semina ya siku tatu ya ufugaji wa kuku. Vinaletwa katika bahasha za kaki, katika mafaili ya plastiki, ndani ya mfuko wa sukari uliokunjwa mara tatu ili mvua isipenye. Kimoja kililetwa katikati ya Biblia, na mwenyewe hakutaka nikiguse kabla sijanawa. Nilinawa.

Basi kijana mmoja aliyemaliza 2014 alikuja tujaze fomu ya kazi katika kampuni fulani ya ulinzi. Kwenye sehemu ya ufaulu kulikuwa na orodha ya kuchagua: I, II, III, IV. Matokeo yake yeye yanasema Credit. "Kaka, hapa tuweke nini?" Nikapiga namba iliyokuwa kwenye tangazo. Dada aliyepokea akasema wanataka divisheni. Nikamweleza kwamba mwaka ule matokeo hayakutolewa kwa divisheni. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, kwa upole kabisa, "Samahani, kwani huyo alisoma nchi gani?"

Alisoma Tanzania, dada yangu. Tena alisoma chini ya wizara ile ile iliyokusomesha wewe.

Tuanze mbali kidogo. Februari 2013 yalitangazwa matokeo ya kidato cha nne ya 2012, na watahiniwa 240,903 walikuwa wamepata sifuri. Nchi iliinama kama iliyopigwa na msiba. Waziri Mkuu wa wakati ule, Mizengo Pinda, akaunda tume chini ya Profesa Sifuni Mchome. Mwezi Mei serikali ikayafuta matokeo yale, yakapangwa upya, na ufaulu ukapanda kutoka asilimia 34.5 hadi asilimia 43. Hakuna mtoto aliyerudi kwenye chumba cha mtihani. Hakuna jibu hata moja lililoandikwa upya. Waliolala wamefeli waliamka wamefaulu, na mimi siwaonei wivu. Mtoto aliyeonewa na hesabu ana haki ya kurekebishiwa hesabu. Ila siku ile wakubwa walijifunza jambo la hatari: kwamba kupanda kwa ufaulu kunaweza kufanyika mezani.

Mwaka huo huo, mitihani ya Novemba ikiwa mlangoni, Wizara ikatangaza viwango vipya. A ianzie 75, ifuatwe na B+ ya 60, B ya 50, C ya 40, D ya 30, E ya 20, na F ianzie 19 kushuka chini. Ikasemwa pia kwamba sifuri itaondolewa na mahali pake patakaa daraja la tano. Watu walipiga kelele, wengine kwa hasira, wengine kwa kucheka, maana ilikuwa ni kumbatiza sifuri jina la kumheshimu. Daraja la tano likafia njiani. Viwango vikabaki, na mipaka ya madaraja ikasogezwa ili itoshe herufi zilizoongezeka. Kwa hiyo mtu wa 2013 mwenye pointi 28 ana divisheni ya tatu, wakati kwa mfumo wanaotumia wadogo zake leo pointi 28 ni ya nne. Weka vyeti hivyo viwili mezani mbele ya mwajiri asiyejua historia hii, umwambie achague.

Halafu ikaja 2014, na divisheni yenyewe ikaondolewa. Matokeo yaliyotoka Februari 2015 yalipangwa kwa wastani wa alama, GPA kama wanavyosema vyuoni: Distinction kuanzia 3.6, Merit kuanzia 2.6, Credit kuanzia 1.6, na Pass kuanzia 0.3. Nukta tatu. Sitanii.

Jina la kata yetu lenyewe ni sifa. Kwa majirani zetu Warundi na Wanyarwanda, keza ni neno la kusifia kitu kidogo kizuri, na wasichana huitwa hivyo. Hatuna shida ya maneno ya kupima uzuri. Lakini mzazi aliyeuza mikungu ya ndizi miaka minne kulipa ada na michango alipewa neno Merit, akaachwa nalo. Mzee mmoja aliniuliza kama Credit maana yake mtoto anadaiwa shule. Mwingine alifurahi sana kusikia mwanawe ana moja nukta nane, kwa sababu alijua tangu enzi zake kwamba pointi zikiwa chache ndiyo vizuri. Na alikuwa sahihi! Kwenye divisheni, saba ndiyo kilele. "Wani ya saba" ni sifa inayojulikana hadi kwa mama muuza maharage sokoni. Kwenye GPA mambo yaligeuzwa kichwa chini, kubwa ndiyo bora. Nchi nzima ilitakiwa igeuze kichwa chake kwa muhula mmoja, na hakuna aliyetumwa Keza kuja kueleza.

Desemba 2015 Profesa Joyce Ndalichako, ambaye aliwahi kuliongoza Baraza la Mitihani, aliteuliwa kuwa Waziri wa Elimu. Januari 2016 akaagiza turudi kwenye divisheni. Mimi nilifurahi. Sikuipenda GPA na sijaanza kuipenda leo. Lakini tazama kalenda. Kidato cha nne cha 2015 kilifanya mtihani Novemba 2015, wakati GPA ndiyo iliyokuwa mfumo. Agizo likaja Januari. Matokeo yakatoka Februari kwa divisheni. Watoto wale walikaa kwenye mtihani chini ya rula moja wakapimwa kwa nyingine, na B+ ikazikwa bila matanga. Wale wa 2014 nao walikuwa wameingia kidato cha kwanza mwaka 2011, wakaambiwa na walimu wao kwa miaka mitatu kwamba watafute divisheni, kisha ilipofika mwaka wa kumaliza wakaambiwa divisheni haipo. Waliowafuata wakaikuta imerudi. Wao wakabaki peke yao katikati, kama abiria walioshushwa Lusahunga usiku na basi likaondoka.

Wapo watakaoniambia alama ni alama, mwenye akili ataonekana tu. Haya husemwa na watu ambao vyeti vyao havijawahi kuulizwa swali. Wengine watasema nia ilikuwa njema, kuoanisha matokeo ya sekondari na ya vyuo. Yawezekana. Nia njema ya kubadilisha mizani huonyeshwa kwa kumwambia mwenye mzigo kabla hajaupandisha.

Na hapa nitaje mizani ya kweli, kwa sababu wakulima wa huku wanaijua kuliko wizara yoyote. Mnunuzi wa kahawa au maharage akija na mizani, mizani hiyo inatakiwa iwe imehakikiwa na Wakala wa Vipimo na kubandikwa stika ya mwaka husika. Akikutwa ameichezea ni kosa la jinai. Lumbesa nayo imepigwa marufuku: huwezi kushona kofia juu ya gunia, ukaongeza debe zima, ukaliita bado gunia moja. Tunajua wanaovunja sheria hiyo wapo, na bado hakuna anayesimama hadharani kuitetea lumbesa. Kilo ya Keza ni kilo ya Biharamulo, ya mwaka juzi ni ya mwaka huu. Serikali inayolilinda gunia la maharage kiasi hicho ilishindwa nini kuilinda C? Maana C ya 2014 ilianzia 40, C ya leo inaanzia 45, na B ya 2014 ilianzia 50 wakati ya leo inaanzia 65. Jina moja, ujazo mbalimbali. Kwa Kiswahili chetu cha sokoni hiyo ni lumbesa.

Kuna mchezo mmoja wa Wamarekani ambao nimeusoma sana kwenye simu wakati sina wateja. Wanakusanya kadi zenye picha za wachezaji, hasa wa besiboli, na wanazipeleka kwenye kampuni zinazozipima ubora kwa namba kuanzia 1 hadi 10, kisha kadi inafungiwa ndani ya plastiki ngumu yenye lebo. Moja ya kampuni hizo, PSA, ilianza 1991, na kadi ya kwanza kuipima ilikuwa ya Honus Wagner, mchezaji wa zamani sana. Ikapewa 8. Mwaka 2013 muuzaji aliyewahi kuimiliki, Bill Mastro, alikiri mahakamani kwamba aliikata kingo ili ionekane mpya, jambo ambalo kwa sheria za mchezo huo linaiondoa kadi kwenye namba kabisa. Kadi hiyo ilikwisha kuuzwa kwa mamilioni ya dola. Watu walinunua lebo.

Nasimulia haya si kwa sababu kadi zina maana Keza, hazina. Ni kwa sababu wakusanyaji wale, kampuni ikibadilisha viwango au lebo, hugeuka nyuki. Wanahesabu nani amepata hasara, wanadai maelezo, na asiyeridhika anaweza kulipa ada, akairudisha kadi ipimwe upya na kuvishwa lebo mpya. Kwa kipande cha karatasi chenye picha ya mtu anayeshika gongo! Kijana wangu wa Credit hana dirisha la kurudisha miaka yake minne ipimwe kwa rula ya sasa. Hawezi kukifungua cheti kama plastiki. Na alipouliza, aliulizwa alisoma nchi gani.

Jambo hili lilipata uzito zaidi baada ya Aprili 2017, Rais Magufuli alipokabidhiwa pale Dodoma taarifa ya watumishi 9,932 waliokutwa na vyeti vya kughushi. Kazi ile ilikuwa na sababu zake na sitaibeza. Lakini tangu hapo kila karatasi inageuzwa mbele na nyuma, inamulikwa, inalinganishwa na nyingine. Katika hali hiyo, mwenye matokeo yasiyofanana na ya wenzake anaanza kwa kujitetea. Nimeona msichana akitoa kwenye pochi ukurasa wa gazeti la 2015 aliokata, unaoeleza GPA ni nini, ili auonyeshe kwenye usaili. Umekunjwa mpaka mikunjo imekuwa matundu. Cheti chake halali kabisa kinatembea na shahidi.

Wala usiniambie haiwezekani kuweka mambo sawa, kwa sababu Tume ya Vyuo Vikuu imefanya. Fungua mwongozo wao wa udahili kwa waliomaliza kidato cha sita. Wamewatenganisha waziwazi: waliomaliza kabla ya 2014, waliomaliza 2014 na 2015, na waliomaliza kuanzia 2016. Kwa kundi la kati A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1. Kwa waliotangulia na waliofuata, C ni 3 na D ni 2. Mistari mitatu tu, na mwombaji wa kila kundi anajua asimame wapi. Sisemi mwongozo ule ni mtakatifu, maana bado kuna C zinazolipwa mbili na C zinazolipwa tatu, na mtu anaweza kubishana nao hadi jioni. Ila angalau wamekiri kwamba rula zilikuwa tofauti. Waajiri wengi hawajakiri hata hilo. Matangazo yanatoka yameandika "divisheni ya kwanza hadi ya tatu", kana kwamba miaka ile ilifutwa pamoja na waliosoma ndani yake.

Nikitenda haki, si kila badiliko lilikuwa baya. Januari 2023 Baraza lilipoacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora niliunga mkono, na wateja wangu wawili walimu waliacha kunisalimia kwa wiki nzima. Ile ilikuwa lebo ya matangazo ya shule binafsi, na kuondolewa kwake hakukupunguza hata nusu alama kwenye cheti cha mtoto yeyote. Ninachokipinga ni kubadilisha maana ya karatasi ambayo mtu amekwisha kuianza kazi.

Na ninaandika sasa kwa sababu tuko tena njiani. Mitaala mipya ilianza kutumika Januari 2024. Watoto walioingia kidato cha kwanza mwaka huo kwenye mkondo wa amali, wanaojifunza kilimo, ushonaji au umeme pamoja na masomo ya kawaida, wanatarajiwa kumaliza 2027. Vyeti vyao vitabeba vitu ambavyo vya kaka zao havikubeba. Sina ugomvi na mkondo wenyewe; kijana wa Keza anayejua kufunga pampu ya kumwagilia atanifaa kuliko mimi nitakavyomfaa. Nadai vitu viwili, na nadhani ni vidogo kwa dola yenye wakala wa kuhakiki ratili ya muuza nyama.

La kwanza, aliyeingia kidato cha kwanza chini ya rula fulani atoke kwa rula hiyo. Badiliko lianze na wanaoanza. Waziri mpya asubiri miaka minne kuona matunda ya agizo lake, kama mkulima wa kahawa anavyosubiri mche.

La pili, jedwali la ulinganisho, la miaka yote, lenye mhuri, litolewe rasmi na kila taasisi ya umma ilazimike kulifuata inapotangaza kazi au nafasi ya masomo. Aliyemaliza 2014 asiombe huruma ya dada wa mapokezi. Aandike Credit, na mfumo ujue Credit ni nini. Kama kuna anayeona aibu kwa yale yaliyotokea kati ya 2013 na 2016, aibu hiyo aibebe yeye, asiwabebeshe watu ambao leo wana watoto wao shuleni.

Kwa sasa nimetengeneza jedwali langu. Alama kushoto, miaka juu, herufi katikati. Safu ya 2013 na 2014 nimeipaka njano ili ionekane haraka. Liko ukutani karibu na bei za kurudufu. Yule kijana aliondoka na nakala, akaiambatanisha na maombi yake mapya, ya kampuni nyingine ya Biharamulo. Wiki iliyofuata walikuja wengine watatu kutoka Rulenge, wote wa 2014, wakaitaka hiyo hiyo. Kopi ya rangi huwa natoza, ila hiyo naitoa bure, na wino wa njano umekaribia kuisha.